Hoteli: Pa kula au pa kulala?

Miaka kadhaa iliyopita nikisahihisha insha hapa Kakamega, nilikutana na mwanafunzi aliyeandika kuwa babake aliwapeleka hotelini karibu na steji, wakala ugali kwa ingoho, kisha wakarudi nyumbani. Nikapiga mstari mwekundu: "Hoteli ni pa kulala. Sema mkahawa." Alama ikaenda.

Alinijia na daftari lake. "Lakini mwalimu, pale mlangoni pameandikwa hoteli, na hakuna kitanda hata kimoja." Nikamwambia akaketi.

Aliyestahili kuketi ni mimi. Kiswahili kilichukua 'hoteli' kutoka kwa Kiingereza, nacho Kiingereza kilikopa 'hôtel' ya Kifaransa. Kile kikofia kilicho juu ya 'o' ni alama ya 's' iliyodondoka, kwani zamani Wafaransa walisema 'hostel'. Neno hilo nalo lilitokana na 'hospitale' ya Kilatini, ambayo mzizi wake ni 'hospes', yaani mgeni, na pia mwenyeji anayempokea. Kumbe hoteli na hospitali ni ndugu wa tumbo moja! Kiini chao ni kumkirimu mgeni. Kitanda kilifuata baadaye.

Wafaransa wenyewe hawajakifunga kitanda kwenye neno hili. 'Hôtel de ville' ni makao ya baraza la mji, na hakuna msafiri anayelala humo. Nchini India vilevile, watu wengi huita mahali pa kula 'hotel', sawa na sisi.

Na je, 'mkahawa' niliokuwa nikiupigia debe? Umetokana na kahawa, neno tulilolipata kwa Waarabu. Tukishikilia asili, basi mkahawani tungeuziwa kahawa tu. Mbona tunaagiza ugali humo bila kuona kosa?

Asili ya neno hutueleza lilikotoka, haituamulii litumikeje leo. Anayesema "nimekula hotelini" anaeleweka, na anayesema "nimelala hotelini" anaeleweka pia. Kitenzi kimemaliza ubishi. Muktadha ukiwa na utata, hapo ndipo 'mkahawa' unapofaa.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujachovya wino mwekundu, tazama kwanza kibao kilicho mlangoni. Alama ya yule mtoto siwezi kuirudisha tena, ila ya mwanafunzi wako ingali mkononi mwako.