Kuhalalisha

Kila mjadala wa bangi unapopamba moto, neno moja hubebeshwa mzigo wa maneno matatu: kuhalalisha. Mwaka 2022 George Wajackoyah alipowania urais wa Kenya akiahidi kilimo cha bangi ya kuuza nje ili kulipa madeni ya taifa, neno hilo lilikuwa midomoni mwa watu wote, vibandani hadi runingani.

Lakini halali si neno la bungeni kwa asili. Tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na uzito wa dini, na bado tunaishi nalo hivyo: nyama ya halali, mume wa halali, jasho la halali. Mama akisikia serikali "imehalalisha" bangi, hasikii kwamba kifungu cha sheria kimebadilishwa. Anasikia kwamba kibaya kimetangazwa kuwa chema. Hasira yake ina msingi, nasi waandishi ndio tuliouweka.

Tazama yaliyotokea. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliondoa kosa la jinai kwa mtu mzima anayelima au kuvuta bangi faraghani mwake. Kuiuza kulibaki marufuku. Malawi, mwaka 2020, iliruhusu kilimo kwa leseni, kwa ajili ya dawa na viwanda. Kuivuta kwa starehe kukabaki kosa.

Kuondoa jinai, kuruhusu kwa leseni, kuhalalisha: hayo ni mambo matatu. Ndugu mhariri, kabla ya kuandika kichwa cha habari, uliza kwanza ni lipi lililopitishwa.