Mbarika na Sabuni Isiyofua Nguo

Msomaji, bila shaka umepita karibu na mbarika mara nyingi bila kuutazama. Huota jalalani, kandokando ya njia na katika mahame, wala haungoji mtu aupande. Majani yake ni mapana, yamegawanyika mfano wa vidole vya mkono, na mbegu zake zina madoadoa ya kupendeza. Wengine huuita mbono, wengine mnyonyo. Wakulima wengi huung'oa na kuutupa kama gugu. Lakini siku utakapomwona fundi akipaka grisi katika beringi ya gurudumu la lori, fahamu kwamba yawezekana sana sehemu ya grisi ile ilitoka katika mbegu za mmea huu huu. Jinsi mbegu ya jalalani ilivyofika katika gurudumu ni habari ndefu. Na tuifuate hatua kwa hatua.

Mbarika ni mwenyeji wa Afrika, na mafuta yake yalijulikana zamani sana. Herodotus, Myunani aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza kuwa Wamisri walikamua mafuta yake, wakayaita kiki, nao wakayatia katika taa zao ingawa yalinuka vibaya. Hapa Kenya pia Wakikuyu waliyatumia kujipaka mwilini na kulainisha mavazi ya ngozi. Basi wazee wetu walijua faida ya mafuta haya. Ila siri iliyomo ndani yake ilikaa imefichwa mpaka watu walipojifunza sabuni ni kitu gani.

Siri hiyo ilifunuliwa na Mfaransa Michel Eugène Chevreul. Tangu mwaka 1811 alichunguza sabuni na mafuta kwa subira kubwa, na mwaka 1823 akatoa kitabu kuhusu kazi yake. Alionyesha kwamba mafuta yana asidi ndani yake, nazo zimefungamana na kitu kitamu kiitwacho gliserini. Mafuta yakichemshwa pamoja na soda kali, kifungo hicho hukatika. Gliserini hutengwa, na asidi hushikana na madini ya sodiamu yaliyomo katika soda. Kitu kinachozaliwa ni sabuni. Kwa hiyo sabuni ni aina ya chumvi: si chumvi ya kutia mchuzini, bali chumvi kwa maana ya wanakemia, yaani madini yaliyoungana na asidi. Ukibadili madini, wapata sabuni nyingine yenye tabia nyingine. Sabuni ya sodiamu huyeyuka majini na kufua nguo. Sabuni ya kalsiamu haiyeyuki, nayo ndiyo ule utando uuonao katika beseni unapofua kwa maji ya chumvichumvi.

Sasa turudi kwa mbarika. Yapata sehemu tisa katika kumi za asidi zilizomo katika mafuta yake ni za aina moja, iitwayo asidi ya risinoleiki. Asidi hii ni mnyororo wa atomu 18 za kaboni. Katika kaboni ya 12 umening'inia mkono mdogo wa oksijeni na haidrojeni, ambao ni adimu katika mafuta mengine ya mimea. Ukumbuke mkono huo, maana ndio utakaotufikisha mwisho wa safari yetu.

Huenda ukauliza, sabuni yahusiana nini na gurudumu? Grisi ni mafuta ya mashine yaliyoshikwa na sabuni. Nyuzi ndogo mno za sabuni husukana na kuyazuia mafuta yasimwagike, kama sifongo ishikavyo maji. Hapo zamani mafundi walitumia grisi ya sabuni ya kalsiamu, ambayo haikujali maji lakini iliharibika kwa joto. Au ya sodiamu, iliyostahimili joto lakini ikashindwa na maji. Aliyekwepa mvua alikutana na moto. Na beringi ikikosa grisi hukwaruzika, hushika moto, na chombo husimama njiani.

Shida hiyo ilizidi ndege ziliporuka juu penye baridi kali na kisha kutua katika nchi za joto. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Clarence Earle wa Marekani alipewa hataza za grisi zilizotengenezwa kwa sabuni ya lithiamu. Madini hayo mepesi kupita yote yalikuwa yamegunduliwa na Arfwedson huko Sweden mwaka 1817. Grisi hiyo ilistahimili maji, ikastahimili na joto.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 ilionekana kwamba sabuni ya lithiamu iliyo bora hutokana na mbarika. Mafuta yake hupitishwa haidrojeni mbele ya unga wa nikeli, kwa njia ambayo Mjerumani Wilhelm Normann aliipatia hataza mwaka 1902. Yale mafuta ya majimaji hugeuka nta ngumu, isiyoyeyuka mpaka joto lifike karibu digrii 86. Nta hiyo ikichemshwa na lithiamu huwa sabuni, na ule mkono wa kaboni ya 12 ungali mahali pake. Mikono hiyo hushikana, uzi kwa uzi, na kuufanya mtandao wa sabuni kuwa imara. Grisi yake haidondoki mpaka joto likaribie digrii 190. Hata leo grisi za lithiamu ndizo zinazotengenezwa kwa wingi zaidi duniani.

Msomaji, nisikuache bila onyo. Mbegu za mbarika zina sumu kali iitwayo risini, iwezayo kuua. Usizitafune, wala usimwachie mtoto azichezee. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, bali hubaki katika makapi.

Jambo la mwisho ni la kufikiriwa. Mbegu za mbarika zimesafirishwa kutoka Afrika ya Mashariki kwa magunia, na grisi imerudi kwetu katika makopo. Kati ya gunia na kopo hakuna uchawi wowote. Pana elimu tu, ile iliyokusanywa na Mfaransa, Mswidi, Mjerumani na Mmarekani, kila mmoja akianzia pale alipoachia mwenzake. Mlango wa elimu hiyo uko wazi kwako pia, katika somo la kemia unalosoma sasa. Basi utakapopita tena penye jalala, simama kidogo uutazame mmea ule. Yawezekana hatua inayofuata inakungoja wewe.