Maji ya Kupwa: Jinsi Mlango wa Usambara Ulivyohama kutoka Pangani hata Tanga

Neno "pwani" lina fundisho ambalo wasomaji wetu wakaao milimani, Lushoto na Mlalo na Vuga, pengine hawajalifikiri. Latokana na kitenzi "kupwa", yaani maji kushuka na kuiacha nchi wazi. Basi pwani si ukingo wa bahari tu. Ni mahali panapopwa. Katika makala haya twakusudia kuonyesha ya kwamba jambo hili moja, maji ya kupwa, lilisaidia sana kuamua ni mji gani uwe mlango wa milima ya Usambara, na ni mji gani uachwe.

Kwanza yafaa tueleze desturi ya maji. Kila siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake, kwa kuwa hufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, hayapandi mno wala hayashuki mno. Katika pwani ya Tanga na Pangani, wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hupita futi 10. Maana yake ni kwamba mahali palipokuwa na pima mbili za maji alfajiri, paweza kubaki na futi mbili tu kabla ya adhuhuri.

Kwa sababu hiyo nahodha mwenye akili, alipotafuta mahali pa kulaza chombo, hakuuliza, "Hapa pana maji kiasi gani?" Aliuliza, "Yakipwa, hubaki kiasi gani?" Alishusha bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba yenye alama za pima, na chini yake amepaka mafuta mazito, ili bildi ikipanda ionyeshe kama chini ni tope, au mchanga, au mwamba. Tena alijua kuchagua siku ya kupima. Aliyepima siku za maji mafu akaridhika, bamvua ilimkuta kabla ya siku nane kupita, na chombo chake kikapwelewa.

Walakini kwa vyombo vya zamani kupwelewa hakukuwa msiba sikuzote. Jahazi au mtepe uliweza kukaa juu ya tope, ukategemezwa kwa magadi ya miti ubavuni. Mabaharia wakautengeneza, wakaupaka deheni, wakapakua mizigo kwa miguu, na maji yalipojaa wakaenda zao. Bandari iliyopwa ilikuwa bandari na gudi pamoja. Tukilisahau jambo hili hatutaelewa kwa nini Pangani ulikuwa mji mkubwa.

Nao ulikuwa mkubwa kweli. Mto Pangani hupokea maji ya Kilimanjaro na Meru, na karibu na Korogwe huyapokea ya Usambara. Bonde lake ndilo lililokuwa njia ya misafara tangu kale. Krapf, aliyefika Vuga kwa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848 kwa njia ya bara, alipokwenda mara ya pili mwaka 1852 alipitia Pangani. Burton na Speke nao walitoka Pangani mwaka 1857 wakapanda mpaka Vuga. Baada ya Kimweri kufa mwaka 1862, mwanawe Semboja alipata nguvu nyingi kwa kukaa Mazinde, chini ya milima, penye njia ya misafara. Pembe za ndovu, na watumwa pia, walishuka kwa njia ile wakapakiwa majahazini kwenda Unguja.

Lakini mto uletao utajiri huleta na mchanga. Mbele ya kinywa cha mto Pangani pana fungu la mchanga lililofanywa na mto wenyewe na mawimbi ya bahari yakikutana. Jahazi husubiri maji yajae, hulivuka fungu, huingia mtoni. Meli ya chuma haiwezi. Haiwezi kulala juu ya tope bila hatari, wala haiwezi kungoja maji kila siku, kwa kuwa ina saa zake na makaa yake yanagharimu fedha. Tena haifai kusema kwamba ingeweza kupanda juu zaidi mtoni, maana kabla ya kufika Korogwe yako maporomoko karibu na Hale.

Mwaka 1890 meli za shirika la Kidachi zilianza safari za taratibu kutoka Hamburg mpaka pwani hii. Hapo ndipo hesabu ilipogeuka. Tanga, ambao hapo kwanza ulikuwa mdogo kuliko Pangani, una ghuba pana iliyokingwa na Ras Kasone, na ndani yake kiko kisiwa cha Toten chenye magofu ya misikiti ya kale. Katikati ya ghuba maji hubaki mengi hata wakati wa bamvua yakipwa, na meli kubwa hutia nanga bila hofu. Kwa hiyo reli ya Usambara ilipoanza kujengwa mwaka 1893, haikuanzia Pangani penye njia ya kale, bali Tanga. Ilifika Muheza mwaka 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Kidachi ikaichukua kazi. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Tangu Mombo ilipopata kituo, njia ya Lushoto, ulioitwa Wilhelmstal wakati ule, ilipita Soni na kushuka Mombo, na mizigo ya milimani ikasahau Pangani.

Je, maji peke yake yalifanya haya yote? Hatusemi hivyo. Vita ya pwani iliyoanza Pangani mwaka 1888, ambayo kiongozi wake Abushiri alinyongwa pale pale tarehe 15 Desemba 1889, iliudhuru mji. Biashara ya pembe na ya watumwa ilikuwa inakwisha. Tena mashamba ya kahawa ya Usambara ya Mashariki yalikuwa karibu na Tanga. Lakini sababu hizi zingeweza kubadilika kwa muda, na fungu la mchanga halikuondoka. Watu wa Pangani hawakuwa wavivu wala wajinga. Bandari yao iliwafaa sana kwa vyombo walivyokuwa navyo. Vilivyobadilika ni vyombo. Hili twaomba walimu wasiliache wanapowafundisha watoto habari za miji iliyopungua.

Wala Tanga wenyewe haukuwa bila kasoro. Katikati ya ghuba pana kina, lakini karibu na ufuko maji yalikuwa machache. Kwa hiyo kwa muda wa miaka mia na zaidi meli kubwa zilitia nanga mbali, na katani na kahawa zikapelekwa kwa matishari, kila mzigo ukiinuliwa mara mbili. Tena maji machache yaliweza kuwa msaada. Mwezi wa Aprili 1915 meli ya Kidachi iliyoleta silaha ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza, ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazamishwa na watu wake. Kwa kuwa haikuzama katika kina kirefu, wapiga mbizi walitoa sehemu kubwa ya shehena yake, na vita ikaendelea. Kina kile kile chaweza kuwa hasara kwa mmoja na faida kwa mwingine.

Katika kazi iliyoanza mwaka 2019 bandari ya Tanga ilichimbwa, kina chake kikafikishwa mita 13, na gati la mita 450 likajengwa ili meli zifunge ufukoni zisihitaji matishari. Kazi hii ni kubwa. Lakini kilichochimbwa chaweza kujaa tena. Mto Sigi, unaoingia katika ghuba ile ya Tanga, hutoka Usambara ya Mashariki. Na mito ya Usambara ya Magharibi huenda Pangani au Umba. Mvua kubwa ikinyesha juu ya shamba la mteremkoni lisilo na matuta, udongo hushuka, kwa maana maji hufuata mkondo, na mwisho wa mkondo ni bahari. Basi mkulima wa Lushoto aliyelima kwa kukinga udongo amelinda shamba lake kwanza. Tena amepunguza, ijapokuwa kidogo, mchanga unaokwenda kulijaza fungu ambalo hajapata kuliona.

Kwa hiyo mwalimu wa milimani asidhani kwamba maneno haya, bamvua na kupwa na kupwelewa, ni ya wavuvi tu. Ayafundishe pamoja na habari za matuta. Na mtu yeyote atakayeulizwa kama mahali fulani panafaa kuwa bandari, asijibu kabla ya kwenda huko siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa.