Saa ya Rubani: Kutoka Ghuba ya Durban hadi Mkononi mwa Msafiri

Mwaka 1937, wakazi wa Durban, mji wa bandari wa Afrika Kusini, walianza kuzoea kuona ndege kubwa za abiria zikitua si uwanjani bali juu ya maji ya ghuba yao, upande wa Congella. Zilikuwa ndege za shirika la Uingereza la Imperial Airways, na safari yao ilikuwa imeanzia Southampton. Njiani zilitua Alexandria, Khartoum, Port Bell nchini Uganda, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji na Lourenço Marques, mji unaoitwa leo Maputo. Safari ilichukua siku kadhaa, na usiku abiria walilala nchi kavu.

Kwa abiria, saa ya mkononi ilikuwa pambo na kumbusho la chakula. Kwa rubani ilikuwa chombo cha kazi, sawa na dira. Leo msafiri anayeingia dukani, awe Durban, Nairobi au Dubai, huonyeshwa saa inayoitwa ya rubani, iliyotengenezwa kwa titaniamu na inayoendeshwa kwa nguvu ya mwanga. Ni saa ghali, nayo husifiwa sana. Ili kujua kipi katika sifa hizo kina thamani na kipi ni maneno ya mfanyabiashara, inafaa kuifuata historia yake.

Rubani wa bahari, rubani wa anga

Neno rubani lenyewe ni la kale kuliko ndege. Kabla ya kuwa jina la mwendesha ndege, lilikuwa jina la mjuzi wa njia za baharini, mtu aliyekipitisha chombo kati ya miamba na kukifikisha salama bandarini. Vasco da Gama alipita katika pwani hii wakati wa Krismasi ya mwaka 1497, akaiita Natal, yaani Noeli kwa Kireno. Miezi michache baadaye, Aprili 1498, alifika Malindi, na huko akapewa rubani aliyemvusha Bahari ya Hindi hadi India. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi wa sasa hawalikubali dai hilo.

Mabaharia wa zama hizo waliweza kupima kwa nyota walivyokuwa kaskazini au kusini. Kigumu kilikuwa kupima mashariki na magharibi, na jawabu la fumbo hilo lilikuwa saa. Dunia huzunguka digrii 15 kwa kila saa moja, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Mtu mwenye saa inayoonyesha wakati wa Greenwich bila kukosea, akilinganisha wakati huo na jua la mahali alipo, hujua yuko umbali gani mashariki au magharibi. Lakini kosa la sekunde 4 tu humpoteza kwa takriban kilomita 1.8 akiwa kwenye ikweta. Ndiyo maana saa ya Mwingereza John Harrison, iliyojaribiwa baharini kuanzia mwaka 1761, ilihesabiwa kuwa moja ya uvumbuzi mkubwa wa karne yake.

Durban nayo ilihitaji wakati sahihi. Mwaka 1882 kilianzishwa hapo kituo cha kuchunguza nyota cha Natal, chini ya mwanafalaki Edmund Nevill. Moja ya kazi zake ilikuwa kupata wakati sahihi kwa kutazama nyota. Kwa kuwa mji uko karibu na digrii 31 mashariki ya Greenwich, jua lake liko mbele kwa takriban saa 2 na dakika 4. Mwaka 1903 makoloni ya kusini mwa Afrika yalikubaliana kutumia wakati mmoja, saa 2 kamili mbele ya Greenwich, na wakati huo ndio unaotumika Afrika Kusini hadi sasa.

Kutoka mfukoni hadi mkononi

Mwanzoni mwa karne ya 20, wanaume wengi walibeba saa mfukoni. Mbrazili Alberto Santos-Dumont, aliyekuwa akiruka mjini Paris, alilalamika kwamba hangeweza kuachia usukani ili atoe saa mfukoni, na Louis Cartier akamtengenezea saa ya kuvaa mkononi mwaka 1904. Baada ya Charles Lindbergh kuvuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, alishirikiana na kampuni ya Longines kutengeneza saa ya kumsaidia rubani kupima longitudo, na saa hiyo ikatoka mwaka 1931.

Hapo ndipo zilipotoka alama zinazoonekana mpaka leo kwenye saa za aina hii: uso mweusi, tarakimu kubwa nyeupe, akrabu zinazong'aa gizani, na kitufe kikubwa kinachoshikika hata kwa mkono wenye glavu. Hazikuwa urembo, bali kila moja ilijibu tatizo lililompata mtu angani.

Ukubwa wa matatizo hayo ulionekana Machi 1939. Ndege iliyoitwa Corsair, ikiwa safarini kutoka Durban kwenda Southampton, iliondoka eneo la Ziwa Victoria ikielekea Juba. Chombo chake cha redio cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu, na ndege ikapotea hadi Kongo ya Kibelgiji. Mafuta yakikaribia kwisha, Kapteni Alcock aliishusha kwenye mto mwembamba karibu na Faradje, kaskazini mashariki mwa Kongo. Ilipasuka tumbo kwa jiwe, lakini watu wote walinusurika. Jaribio la kwanza la kuirusha lilishindikana. Hatimaye mto ulizibwa kwa bwawa ili kina cha maji kiongezeke, na ndege ikaondoka Januari 1940, karibu miezi 10 baada ya kuanguka.

Funzo la Corsair ni kwamba chombo kimoja hakitoshi. Redio inapodanganya, rubani hubaki na hesabu ya kale: mwendo, mwelekeo na muda uliopita. Kati ya hayo matatu, muda ndio pekee anaouvaa mwilini.

Vita, na anga iliyofungwa

Italia ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili mwezi Juni 1940, njia ya Mediterania ilifungwa. Durban ikawa mwanzo wa njia mpya iliyopanda Afrika Mashariki hadi Cairo, kisha ikashuka kupitia Ghuba ya Uajemi na India hadi Sydney. Kwa umbo lake iliitwa njia ya kwato ya farasi, nayo ilikatika Singapore ilipoanguka mwezi Februari 1942. Safari za ndege za majini kutoka Durban zilikoma mwaka 1947.

Baada ya vita, ndege zilienda kasi kiasi cha kuvuka kanda kadhaa za wakati kwa siku moja. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Rolex ilitoa saa yenye akrabu ya ziada, iliyoundwa kwa ajili ya marubani wa shirika la Marekani la Pan Am, ili wasome wakati wa Greenwich na wa mahali walipo kwa pamoja.

Lakini kwa msafiri wa Afrika Mashariki, kizuizi hakikuwa saa. Baada ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuundwa Addis Ababa mwezi Mei 1963, nchi nyingi za bara hili zilifunga anga zao kwa ndege za Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Ndege za shirika la nchi hiyo zilizokwenda Ulaya zililazimika kuzunguka pwani ya magharibi. Durban, iliyokuwa kituo cha mwisho cha njia ya Mombasa na Dar es Salaam, ikawa mbali kisiasa kuliko London. Ilikuwa Durban hiyohiyo ambako, mwezi Julai 2002, viongozi wa bara walikutana kuuzindua Umoja wa Afrika.

Mwanga na mchanga mweusi

Saa ya leo imezaliwa na mabadiliko matatu. Kwanza, Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani iliuza saa ya kwanza ya mkononi inayoongozwa na mtetemo wa kipande kidogo cha fuwele. Pili, mwaka 1970 kampuni ya Citizen ilitoa saa ya kwanza ya titaniamu. Tatu, katika miaka ya 1970 zilianza kuuzwa saa zinazogeuza mwanga kuwa umeme. Leo seli hizo hufichwa chini ya uso wa saa, na saa nyingi za namna hiyo, zikijazwa nguvu kamili, huweza kwenda miezi kadhaa gizani.

Titaniamu inapendwa kwa sababu ina uzito unaokaribia nusu ya uzito wa chuma cha pua kwa ujazo uleule, haishiki kutu kwa maji ya chumvi, na kwa kawaida haiwashi ngozi ya wale wanaodhuriwa na nikeli. Kasoro yake ni kwamba isipotiwa ugumu juu, huchubuka upesi.

Pwani ya Durban inaijua titaniamu kwa namna nyingine. Madini yake yamo katika mchanga mweusi wa fukwe. Uchimbaji mkubwa ulianza Richards Bay, kaskazini mwa Durban, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mpango wa kuchimba vilima vya mchanga vya St Lucia ulipingwa vikali, serikali ikaukataa mwaka 1996, na mwaka 1999 eneo hilo likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kusini mwa Durban, huko Xolobeni, mgogoro ulimwaga damu: Sikhosiphiso Rhadebe, aliyeongoza wananchi waliopinga uchimbaji, aliuawa kwa risasi mwezi Machi 2016. Novemba 2018 mahakama kuu mjini Pretoria iliamua kwamba serikali haiwezi kutoa haki ya kuchimba bila ridhaa ya jamii hiyo. Nchini Kenya, mchanga wa Kwale ulichimbwa kwa takriban miaka 11 hadi mwisho wa mwaka 2024.

Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya madini hayo huishia kuwa rangi nyeupe ya kupaka kuta na karatasi, si saa. Hata hivyo, chuma hicho chepesi kina uzito ambao mizani ya dukani haiuonyeshi.

Msafiri achague nini?

Historia hii inatoa vipimo vilivyo wazi. Cha kwanza ni kusomeka. Saa ya rubani isiyosomeka kwa kutupiwa jicho mara moja, mchana na usiku, ni ya rubani kwa jina tu.

Cha pili ni namna inavyojirekebisha, na hapa msafiri wa Afrika ana sababu ya kuwa mwangalifu. Saa nyingi ghali hupokea mawimbi ya redio kutoka vituo vilivyoko Ujerumani, Uingereza, Marekani, Japani na China. Mawimbi hayo hayawezi kutegemewa Durban, wala Mombasa. Mnunuzi wa huku atakuwa amelipia sikio lisilosikia kitu. Saa inayopokea wakati kutoka setilaiti, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2011, hufanya kazi popote penye anga wazi, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Saa ya kawaida ya mwanga, isiyo na redio, hukosea sekunde chache tu kwa mwezi, na hiyo humtosha msafiri asiyeendesha ndege.

Cha tatu ni kanda ya pili ya wakati. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Durban hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na akrabu ya ziada humwambia kama watu wa nyumbani wamekwisha kulala.

Cha nne ni mwanga wenyewe. Saa ya namna hii haitaki kufungiwa kabatini wala kufunikwa na mikono mirefu ya shati miezi mingi mfululizo. Dirishani inatosha, mradi isiachwe kwenye joto kali.

Waswahili tangu kale wamehesabu saa kwa jua: linapochomoza siku inaanza, na saa moja ni saa moja ya mwanga. Hesabu hiyo imefaa pwani ya Afrika Mashariki kwa sababu karibu na ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Durban, iliyo karibu digrii 30 kusini, haina ulinganifu huo. Mwezi Desemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mwezi Juni hukawia hadi karibu saa moja asubuhi. Mswahili aliyetoka Lindi na kulala Congella mwaka 1937 angeamka na kukuta mapambazuko yamehama, ingawa akrabu za saa yake zilikuwa zikizunguka vilevile. Saa yake ingekuwa haijakosea. Ni yeye aliyebadilisha mahali, na kumwonyesha hilo ndiyo kazi ya saa ya msafiri.