Akili ni mali, lakini nani hulipa?

Neno ‘akili’ tulilitoa kwenye Kiarabu, ambako mzizi wake unahusiana pia na kamba ya kumfunga ngamia mguu asitoroke. Waswahili nao waliitazama akili kwa macho mawili. Walisema ‘akili ni mali’, kisha wakaonya kwamba ‘akili nyingi huondoa maarifa’. Wapo wanaodhani methali hizi zinapingana. Mimi naona zote mbili ni kweli, na shahidi wangu ni ndovu wa huku kwetu Meru.

Hapa Nkubu, anayelima ndizi karibu na msitu wa Mlima Kenya hahitaji kuhadithiwa werevu wa ndovu. Ubongo wa mnyama huyu una uzani wa karibu kilo 5, na hakuna mnyama wa nchi kavu anayemshinda. Mwaka 2014, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la kuwachezea ndovu wa Amboseli sauti zilizorekodiwa. Waliposikia wanaume wa Kimaasai, ambao huwahi kuwachoma mikuki, walijikusanya na kurudi nyuma kuliko waliposikia wanaume wa Kikamba. Sauti za wanawake na watoto hazikuwatisha sana. Yaani, ndovu anatofautisha lugha zetu!

Faida hiyo haiji bure. Mimba ya ndovu huchukua miezi 22, na ndama hujifunza kwa miaka mingi. Jangili akimuua nyanya wa kundi, maarifa ya ukoo mzima hupotea naye. Binadamu vilevile: ubongo wetu ni takriban asilimia 2 ya uzani wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati tukiwa tumepumzika. Na hebu fikiria miaka tunayomlisha mtoto kabla hajajitegemea.

Gharama kubwa zaidi huja akili mbili zinapokutana. Tuliweka ua wa umeme kuzuia ndovu. Kule Lewa, baadhi yao waligundua kwamba pembe hazipitishi umeme kama ngozi, wakazitumia kukata nyaya. Binadamu naye akajibu: wavunja-ua sugu walidungwa dawa ya usingizi, pembe zao zikapunguzwa. Uvunjaji wa ua ulipungua. Lakini tazama aliyelipa: si ndovu mzito wa akili, ni yule mwerevu.

Mwanzoni mwa 2011 ilijaribiwa njia nyingine. Ushoroba wa kilomita kama 14 ulifunguliwa kati ya Lewa na msitu wa Mlima Kenya, ukipita chini ya barabara kuu ya Nanyuki kuelekea Meru. Siku chache tu baadaye, ndovu dume aliyeitwa Tony alikwishapita. Hapo binadamu hakumshinda ndovu ujanja. Alimwachia njia aliyoitaka.

Kiswahili kina maneno ya kutenganisha mambo haya. Mjanja hutatua shida yake, gharama akamwachia jirani. Mwenye hekima huhesabu gharama ya wote kwanza. Ua unaoishia kwenye mpaka wa shamba langu haumwondolei ndovu njaa, unamwelekeza kwako. Kwa hiyo kila tunapoketi barazani kujadili ua wa msitu, swali la kwanza lisiwe utaanzia wapi. Tuulize utaishia kwa nani, na huyo naye aitwe kikaoni.