Chokaa, Chuma na Vodka

Sisi tunaofuga matumbawe majumbani tuna dawa nyingi za kupunguza fosfeti, ila karibu zote ni za kuazima. Nyingine zimetoka kwa waashi, nyingine kwa mafundi wa maji ya kunywa, na moja tumeitoa baa.

Lee Chin Eng wa Jakarta hakuhitaji dawa yoyote. Mwaka 1961 aliueleza ulimwengu namna yake ya kufuga: mawe hai kutoka baharini, maji ya bahari, mwanga na mapovu ya hewa, basi. Lakini Jakarta iko pwani. Ujerumani, ninakoishi mimi, mtu hawezi kwenda na ndoo kuchota maji ya mwambani. Kila kipande cha kamba unachowatupia samaki huacha fosfeti, nayo haiyeyuki ikapotea hewani. Hurundikana tu, mwani ukashamiri na vioo vikageuka kijani.

Chokaa ndiyo iliyotangulia. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens, aliyeandika kwa Kijerumani, aliwafundisha wafugaji kudondosha maji ya chokaa tangini ili matumbawe yapate kalsiamu. Faida ya pili ni kwamba palipo na chokaa fosfeti hugandamana na kalsiamu ikatoka majini. Mimi hukoroga gramu moja na nusu hivi kwa lita, nikaacha masimbi yatue, kisha usiku nikadondosha yale maji maangavu tu, tone baada ya tone. Shangazi yangu wa Lamu alicheka sana niliposimulia hayo. Kwao chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu. Leo mpwawe anayalisha matumbawe chokaa!

Hofu yetu ya fosfeti ilikuwa na msingi. Murphy na Riley walichapisha mwaka 1962 kipimo kinachoyageuza maji kuwa buluu kadiri fosfeti inavyozidi, na vichupa vyetu vya kupimia bado vinafuata njia yao. Mwaka 1979 Kinsey na Davies walitoa matokeo ya jaribio la One Tree Island, Australia: walipoutia mwamba fosfeti na naitrojeni kwa miezi kadhaa, ujenzi wa chokaa ya matumbawe ulipungua kwa zaidi ya nusu. Fosfeti hujibandika kwenye fuwele changa na kuizuia isikue.

Baada ya hapo tukapagawa. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin kilikuwa kimetengeneza punje za kutu ya chuma za kuondoa aseniki kwenye maji ya kunywa. Wafugaji wakagundua kwamba zinanasa fosfeti vilevile, na zikaingia madukani kwa makopo. Ikaja lanthanamu kutoka kwenye mabwawa ya kuogelea. Ikaja vodka: kilevi huwanenepesha bakteria, nao hula fosfeti, kisha mtambo wa povu huwatoa. Watu wakawa wanajisifia kipimo cha sifuri kama mwanafunzi anavyojisifia mia kwa mia.

Sifuri hiyo ilikuwa balaa. Mwaka 2013 Wiedenmann na wenzake wa Southampton walionyesha kwamba naitreti ikiwa nyingi na fosfeti ikiadimika, matumbawe hupauka kwa urahisi zaidi joto na mwanga vinapozidi, kwa sababu mwani ulio ndani yake unakufa njaa. Nadhani hasara ya kopo la chuma lililomiminwa lote kwa pupa inashinda ya mwani wa kijani kiooni.

Kwa hiyo, msomaji, ukipima ukakuta miligramu 0.05 kwa lita, usiguse kitu. Ikipanda, anza kwa kupunguza chakula. Mawe yako yamefyonza fosfeti ya miaka na yataendelea kuirudisha majini hata ukiisafisha leo, basi usishangae ikirejea. Na ukiamua kutumia chuma, suuza punje mpaka maji yaache kuwa na rangi ya kutu, tia nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, upime tena baada ya wiki.