Vikaragosi vya Karatasi: Toka Strasbourg hadi Lobule

Katika makala hii twakusudia kueleza habari za sanamu ndogo za karatasi zichezewazo mezani: zilianzia wapi, zilipitia mikono ya nani, zatengenezwaje, na kwa nini sisi tufundishao Kiswahili huku West Nile, na hasa upande wa Lobule katika wilaya ya Koboko, tumeona kwamba zatufaa. Huenda msomaji akasema kuwa haya ni mambo ya watoto. Ni kweli, lakini yalikuwa kwanza mambo ya majemadari, na njia hiyo ya kutoka kambini hadi mezani yafanana sana na njia iliyopitwa na Kiswahili chenyewe katika sehemu hii ya Uganda.

Kwanza yafaa tupatane juu ya jina. Neno "sanamu" ni pana mno. Lachukua kila kitu, tangu mnara wa shujaa hadi kinyago. "Mwanasesere" ni wa kubebwa na kulazwa, wala hasimami mezani kungojea zamu yake. Sisi twapendelea "kikaragosi". Wengi wetu hulitumia neno karagosi kwa maana ya kibaraka, yaani mtu asemeshwaye na mwingine, au kwa picha za kuchekesha magazetini. Asili yake ni Kituruki, nalo limepitia Kiarabu. Karagöz, maana yake "jicho jeusi", ni mhusika mashuhuri wa tamthilia ya vivuli ya Waturuki, naye ni kipande cha ngozi ya ngamia kilichokatwa, kikatiwa rangi, kikasimamishwa nyuma ya kitambaa chenye taa. Kwa hiyo neno hili tangu asili lahusu kitu bapa chenye umbo la mtu, ambacho hakina sauti mpaka mwanadamu akiazime yake. Sijui kama tungeweza kupata neno bora zaidi hata tungaliunda jipya, asemavyo mwenzetu mmoja apendaye sana kuunda maneno.

Sasa tuje kwenye historia. Mjini Strasbourg, mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, wapiga chapa wa karne ya 18 walikuwa wakiuza karatasi zilizochapwa safu za askari: wapiga ngoma, washika bendera, wapanda farasi. Mnunuzi alibandika karatasi juu ya kadibodi, akakata umbo la kila askari, akamsimamisha juu ya kipande cha mti. Mwaka 1796 Jean-Charles Pellerin alianzisha kiwanda chake cha uchapaji mjini Épinal, na karatasi zake za askari zikaenea Ufaransa nzima. Wakati huo huo mafundi wa Nuremberg walikuwa wakiyeyusha bati na kumimina askari bapa, wembamba kama sarafu. Nyumba ya Heinrichsen, katika karne ya 19, ndiyo iliyofanya kimo cha milimita 30 kiwe kawaida ya biashara hiyo. Baadaye wakatokea askari wa namna ya katikati, si bapa kabisa wala si wa mviringo: kifua kimeinuka kidogo, lakini ukimtazama kwa ubavu utaona ni mwembamba. Hao twawaita nusu-bapa, nao ndio kiini cha makala yetu, kwa maana fundi wa karatasi hutafuta jambo lile lile, yaani kukipa kitu bapa kina kidogo bila kupoteza urahisi wake.

Bati lilikuwa la wenye nacho, karatasi ilikuwa ya wengine wote. Tofauti hii yajirudia katika historia nzima ya mchezo huu.

Askari hao walikuwa wa kutazamwa tu, mpaka Waprusi walipowapa kanuni. Mwaka 1812 Baron von Reisswitz alimwonyesha mfalme wake meza yenye vipande vya nchi vilivyoweza kupangwa upya, vilima na mito, pamoja na alama za vikosi. Na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni zilizotumia ramani, dadu na mwamuzi. Jeshi la Prussia likaufanya mchezo huo kuwa somo la maofisa. Karibu miaka 90 baadaye, mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliuondoa mchezo wa vita kambini akauweka sakafuni nyumbani kwa vitabu vyake viwili, cha mwaka 1911 na cha mwaka 1913. Wells hakuwa mpenda vita. Alieleza waziwazi kwamba mtu akisha kucheza vita vidogo mara tatu au nne atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kipumbavu. Mwaka uliofuata, 1914, vita vikubwa vikaanza, na wapagazi wa Afrika Mashariki wakafa kwa maelfu mengi katika vita ambavyo havikuwa vyao.

Karatasi nayo haikulala. Robert Louis Stevenson, katika insha yake ya mwaka 1884, alikumbuka tamthilia za karatasi zilizouzwa utotoni mwake: peni moja bila rangi, peni mbili zikiwa na rangi. Yeye alishikilia kuwa raha yote ilikuwa katika kununua na kupaka rangi, na kwamba kuzikata zile picha kulikuwa kama kufuru. Hapo hatukubaliani naye hata kidogo, ingawa twamheshimu. Katika Vita vya Pili vya Dunia madini yalipokuwa adimu, watoto wa Uingereza walirudia karatasi. Huko Poland, tangu mwaka 1957, gazeti la *Mały Modelarz* liliwapa vijana meli na ndege za kukata na kubandika, kwa bei ambayo kijana aliweza kuilipa. Halafu mwaka 1974 ukatokea Marekani mchezo wa *Dungeons & Dragons*, ambamo kila mchezaji humwongoza mtu mmoja tu badala ya jeshi, naye humsemea. Sanamu za madini zilikuwa ghali. Basi mwaka 1980 kampuni ya Steve Jackson Games ikatoa vikaragosi vya karatasi ngumu vya kukunja, vyenye uso mbele na mgongo nyuma, vilivyochorwa na Denis Loubet. Kwetu sisi badiliko hilo la kutoka jeshi hadi mtu mmoja ni kubwa kuliko la kutoka bati hadi karatasi. Jeshi hupewa amri, ilhali mtu hana budi kuzungumza.

Hapa ndipo twarudi nyumbani. Nchi hii ya West Nile iliwahi kuwa sehemu ya jimbo la Ikweta lililotawaliwa na Emin Pasha kwa niaba ya Misri tangu mwaka 1878. Askari wake waliobaki nyuma walichukuliwa na Lugard mwaka 1891, na wazao wao ni Wanubi tuwajuao. Kisha sehemu hii ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa jina la Lado. Ikarudi Sudan mwaka 1910. Ikatiwa katika Uganda mwaka 1914, mwaka ule ule ulipoanzishwa mji wa Arua. Serikali ya kikoloni iliona kwamba vijana wa huku wafaa kwa kazi mbili: mashamba ya miwa ya kusini, na jeshi. Katika King's African Rifles walijifunza Kiswahili, na Kiswahili hicho kilikuwa hasa cha amri. Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko, aliingia katika jeshi hilo mwaka 1946. Na mwaka 1973, akiwa Rais, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Baada ya serikali yake kuanguka mwezi Aprili 1979, watu wa West Nile waliadhibiwa kwa makosa ambayo wengi wao hawakuyatenda, na toka mwaka 1980 wakakimbilia Zaire na Sudan kwa makundi makubwa.

Twayaeleza haya kwa sababu mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Uganda hukutana nayo kabla hajafungua kitabu. Mzee humwambia: hiyo ni lugha ya bunduki. Naye mzee hasemi uongo, kwa kuwa Kiswahili alichokisikia yeye kilikuwa "kuja hapa", "lala chini", "toa pesa". Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maazimio hayo ni mema, lakini hayafuti alichosikia mzee.

Lobule ina jambo lake la pekee. Tangu mwaka 2013 iko makazi ya wakimbizi waliotoka Kongo, yaani kutoka nchi ile ile ambako babu za wenyeji walipata hifadhi miaka ya 1980. Wakakwa wako pande zote tatu za mpaka, Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Basi katika darasa moja utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kilingala na Kiswahili cha namna mbili tatu. Kiswahili cha mtoto wa Kongo si cha kambi. Ni cha soko na cha nyumbani. Mara nyingi yeye ndiye ajuaye zaidi, na mwenyeji ndiye ajifunzaye, jambo ambalo lampa mgeni heshima asiyoipata kwingine.

Katika hali hiyo tumetumia mchezo wa mezani wa soko la mpakani. Kila mwanafunzi hutengeneza kikaragosi chake: mama muuza samaki wakavu wa Ziwa Albert, kijana wa bodaboda, fundi cherehani, mganga wa zahanati, mwalimu, mnunuzi mwenye faranga za Kongo anayetafuta shilingi. Bao na omweso ni michezo mizuri kupita kiasi, yenye mashimo 32 na kete 64, lakini kete haina uso wala jina, na wachezaji hodari hucheza kimya. Mtu wa karatasi mwenye kilemba na kikapu humlazimisha mwanafunzi kusema.

Utengenezaji wenyewe ni huu. Kimo cha milimita 30 humfanya mtu wa mita 1.8 awe sehemu moja ya 60. Hiki ni kidogo mno kwa kundi la wanafunzi sita wenye mkasi mmoja. Twatumia sentimeta 6, yaani sehemu moja ya 30. Huchorwa mtu mbele, kisha juu yake, vichwa vikigusana, mgongo wake. Karatasi ikikunjwa kichwani pande hizo mbili hulaliana. Atakayesahau kwamba mkono wa kulia ukiwa mbele huonekana upande mwingine ukiwa nyuma atapata mtu mwenye mikono minne. Mtu huyo huchekesha darasa, nasi humwacha achezewe. Miguuni huachwa ulimi wa kuingia katika kitako cha kadibodi kilichochanwa.

Hadi hapo yeye ni bapa. Kina huongezwa kwa hila tatu. Ya kwanza ni kumkunja kidogo kwa wima, kama kitabu kilichofunguliwa nusu, ili mwanga umpige upande mmoja na kivuli kikae upande wa pili. Ya pili ni kubandika tabaka: kikapu, mtoto mgongoni, au mkono hukatwa mbali na kubandikwa juu yake. Ya tatu, kwa miti na migomba, ni vipande viwili vilivyochanwa nusu na kuchomekana kwa umbo la msalaba. Ukingo mweupe wa karatasi upakwe makaa. Usipopakwa, macho huuona kwanza kabla ya mtu.

Nyumba ya msonge yahitaji hesabu, na mwalimu wa hesabu huwa amefurahi kuazimwa kipindi. Duara la nusu kipenyo sentimeta 12, likiondolewa robo, hufanya paa lenye nusu kipenyo sentimeta 9 chini na kimo cha karibu sentimeta 8. Ukuta wenye nusu kipenyo sentimeta 7 wahitaji ukanda wa sentimeta 44, pamoja na moja ya kubandikia, na paa litauzidi ukuta kwa sentimeta 2 kila upande. Karatasi ya kawaida ya kuandikia haitoshi. Twatumia manila, au mfuko wa saruji, ambao rangi yake ni ile ile ya nyasi zilizozeeka. Gundi ni wanga wa muhogo uliopikwa. Mende huupenda, kwa hiyo vikaragosi hufungiwa katika kopo. Kabla ya mvua za Agosti husuguliwa nta ya mshumaa pande zote mbili. Katika duka la kurudufu nakala huwa nyeusi na nyeupe tu, ambayo ndiyo ile ya peni moja ya Stevenson, na rangi hutiwa kwa mkono.

Kanuni kubwa ya mchezo ni moja: asemaye kwa amri hupoteza zamu. "Nipe samaki" haitoshi. Sharti "naomba", sharti salamu, sharti bei iulizwe na kupunguzwa kwa maneno. Wanafunzi wenyewe ndio waamuzi, nao ni wakali kuliko sisi.

Pamoja na hayo, kila mwaka yuko mtoto anayetengeneza askari. Walimu tumehitilafiana juu yake. Wengine wasema atolewe, kwa kuwa soko halimhitaji na wazee watauliza. Sisi tuliona kwamba kumkataza ni kumfanya awe mkubwa kuliko alivyo, tena kimo chake ni sentimeta 6 kama wengine. Tukakubaliana kwamba bunduki isichorwe mwilini, bali ikatwe kuwa tabaka la mbali lenye ulimi wake wa kuchomeka. Mlangoni mwa soko kumechorwa mraba mdogo. Askari aingiapo huiacha bunduki hapo, husalimu, na kupanga foleni ya samaki nyuma ya mganga.